Namna ya kupata nguvu ya kompyuta bure kwa utafiti wako ukiwa Dar

Wanafunzi wa uzamili wengi hapa Dar huja na ombi lile lile: "Kaka, nitafutie supakompyuta." Ukiwauliza ya kazi gani na kwa saa ngapi, wanatazamana. Tuanzie hapo basi, maana anayekupa mashine bure atakuuliza hilo hilo.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Fungua akaunti ya Kaggle (tovuti ya Google inayokuruhusu kuendesha programu zako kwenye mashine zao) na uthibitishe namba yako ya simu. Bila hivyo hupewi GPU, ile chipu inayoharakisha hesabu nzito. Endesha asilimia 5 tu ya data yako, uandike muda uliotumika na kumbukumbu iliyoliwa (amri ya nvidia-smi itakuonyesha).

Tuseme unafundisha modeli itambue matamshi ya Kiswahili. Asilimia 5 ikichukua saa moja na nusu, data yote itachukua kama saa 30. Ukitaka majaribio manne, ni saa 120. Ongeza robo kwa yatakayoharibika, na lazima yatakuwepo, unafika 150. Kaggle hutoa takriban saa 30 za GPU kwa wiki. Maana yake kazi yako inaisha kwa wiki tano, bila kumwandikia mtu barua yoyote. Maombi mengi ninayoyaona yangeishia hapa.

Hatua ya 2: Jilinde na kukatika

Kipindi kimoja cha Kaggle hakizidi saa 12, kwa hiyo kazi ya saa 30 lazima uigawe. Iagize skripti yako ihifadhi chekpointi (nakala ya kazi ilipofikia) kila baada ya muda, na ikianza upya iisome ya mwisho. Usiliahirishe hili.

Kisha acha kukodolea macho skrini. Bonyeza "Save Version", uchague "Save & Run All": kazi itaendelea upande wao hata umeme ukikatika Sinza au bando likiisha. Data nzito ipakie mara moja tu, ukiwa chuoni, uihifadhi huko kama seti ya data.

Hatua ya 3: Angalia kama fani yako ina mlango wake

Wa jenetiki waende Galaxy (usegalaxy.eu), ambako hata kuandika programu si lazima. Anayechora mafuriko ya Bonde la Msimbazi kwa picha za satelaiti atumie Google Earth Engine. Kwa utafiti usio wa kibiashara ni bure, na picha zenyewe ziko huko huko, huzipakui.

Hatua ya 4: Ukiona bado haitoshi, omba kupitia mshirika

Mfumo wa ACCESS wa Marekani, ulioanza 2022 badala ya mfumo wa awali wa XSEDE, hugawa muda wa supakompyuta bure. Mwombaji mkuu lazima awe mtafiti aliye Marekani, ila akishapewa anaweza kukuingiza wewe kama mtumiaji. Mwulize msimamizi wako ameandika makala na nani huko. Ngazi ya kwanza, Explore, inahitaji maelezo mafupi ya mradi na wasifu wa mwombaji. Mpe mshirika wako zile hesabu za hatua ya kwanza, azibandike kama zilivyo.

Data ya wagonjwa ni habari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa kuzipeleka nje ya nchi, na kibali cha maadili ulichopewa huenda hakiruhusu. Kamilisha hilo kabla ya kupakia faili hata moja. Kuondoa majina peke yake hakutoshi.

Hatua ya 5: Usiunguze mgao

Ukipewa Jetstream2 (mashine za wingu unazozitumia kwa mtandao) kupitia ACCESS, jua kwamba mashine uliyoizima tu bado inakula nusu ya gharama yake. Chagua "Shelve" kila unapomaliza, hapo haili kitu. Na kwenye makala yako taja ACCESS katika shukrani, kwa maneno wanayoyataka wenyewe. Ni sharti la mgao.