Kitufe kisidanganye: mrejesho kwenye skrini ya mguso inayotuma bila kupokea

Skrini ya aina hii, inayowasha taa na kupandisha sauti kwa redio, hutuma tu. Amri ikishatoka kwenye antena, haina namna ya kujua kama relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) imeshika au mawimbi yameishia ukutani. Kitufe kinachogeuka kijani na kuandika "IMEWAKA" kinadanganya. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba amri imetumwa, na mrejesho wote upangwe juu ya hilo.

Tuchukue ukumbi wa kanisa au wa mikutano hapa Mbeya: kuta za matofali ya kuchoma, paa la bati, taa za jukwaani, taa za ukumbini, na amplifaya inayopandishwa na kushushwa sauti.

Vifaa. Skrini ya Nextion NX3224T028 (inchi 2.8), Arduino Nano mbili (kompyuta ndogo za kuendesha vifaa: moja ya skrini, moja ya risiva), transmita ya redio FS1000A ya 433.92 MHz, risiva RXB6 ya kupokea, na relei za taa. Usichukue ile risiva ya bei chee inayouzwa pamoja na FS1000A; kuta huishinda kwa urahisi. Antena ni waya ulionyooka wa sm 17.3 kila upande, usiokunjwa nyuma ya skrini. Skrini hii husoma mkandamizo, kwa hiyo hata mwenye glavu ataitumia, jambo ambalo watu wa Mafinga wataliona faida yake kwenye baridi ya mwezi Julai. Upande wa 230 V mwachie fundi umeme.

Hatua ya 1: kila tendo na namba yake. Washa iwe na namba yake, zima iwe na yake, mfano 8400001 na 8400002. Usitumie namba moja ya kugeuza hali. Maktaba ya rc-switch (programu tayari ya Arduino ya kutuma na kupokea amri za redio) hurudia kila amri mara 10, na upande wa risiva amri moja inaweza kudakwa zaidi ya mara moja. Kwa namba ya kugeuza, taa itaishia popote. Kwa namba mbili, kuidaka "washa" mara kadhaa hakuharibu kitu.

Hatua ya 2: waya. Unganisha skrini kwenye pini 0 na 1 za Nano, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Utachomoa waya hizo kila unapopakia programu. Ni usumbufu, lakini SoftwareSerial (maktaba inayogeuza pini nyingine kuwa za mawasiliano) ni mbaya zaidi. Mtu akigusa skrini wakati amri inatumwa, SoftwareSerial hukatiza kazi kwa takriban milisekunde 1 kwa kila baiti, na mapigo ya redio yana mikrosekunde 350 tu. Amri huharibika, nawe utatafuta kosa kwenye antena.

Hatua ya 3: rangi tatu. Hapa ndipo penye kazi. Amri ya biti 24 huchukua milisekunde (ms) 44.8, ikirudiwa mara 10 ni karibu nusu sekunde. Mtumiaji asipoona kitu katika muda huo, atabonyeza tena na tena. Katika Nextion Editor, programu ya kupangia skrini, nenda kwenye tukio la kuachia kidole la kitufe b0 (cha kuwasha; b1 ni cha kuzima), weka alama ya Send Component ID ili skrini iitaarifu Nano kitufe kilichoguswa, kisha andika:

b0.bco=65504
tsw 255,0
tm0.en=1

Kitufe kinakuwa cha njano (bco ni rangi yake), mguso unafungwa (tsw), na kipima muda tm0 kinaanza. Nano inapokea 65 00 01 00 FF FF FF (65 ni mguso, 00 ukurasa, 01 id ya kitufe, 00 kuachia, FF tatu mwisho), inatuma redio, kisha inairudishia skrini amri hizi, kila moja ikifungwa na baiti tatu za FF:

tm0.en=0
b0.bco=2016
b1.bco=50712
tsw 255,1

Kijani kwa b0 ya kuwasha, kijivu kwa b1 ya kuzima; kijani hapa ni amri ya mwisho iliyotumwa, si hali ya taa. Angalia: b0 kwa kawaida ina id 1, kwa kuwa id 0 ni ya ukurasa wenyewe. Wengi hukwama hapo.

Kipima muda tm0 kiwe na tim=1500 na en=0 mwanzoni. Ndani yake andika t0.txt="Haikutumwa" (t0 ni sehemu ya maandishi), tsw 255,1 na tm0.en=0. Bila hicho, waya wa Nano ukilegea skrini itabaki imefungwa moja kwa moja.

Vitufe vyote vikae ukurasa mmoja. Ukihama ukurasa, rangi hupotea isipokuwa vscope ya kitufe (mpangilio wa kukumbuka hali yake) iwe global.

Hatua ya 4: sauti. Punguza marudio kwa setRepeatTransmit(3), yaani ms 134 hivi. Upande wa risiva, puuza namba ileile ikijirudia ndani ya ms 200, la sivyo mguso mmoja unaweza kupandisha sauti zaidi ya ngazi moja. Usichore mstari wa kiwango cha sauti. Amri mbili zikipotea, mstari na spika havisemi kitu kimoja tena. Kitufe kimulike njano na kurudi kijivu, basi.

Hatua ya 5: umeme ukikatika. Risiva ikiwaka upya, relei zote zianze zikiwa zimezimwa. Skrini yenye betri bado itaonyesha kijani. Weka kitufe cha "Zima Vyote" kinachotuma namba zote za kuzima na kurudisha rangi za mwanzo, na umwelekeze mhudumu abonyeze hicho kwanza umeme unaporudi. Kama skrini imefungwa ukutani, ni heri uondoe betri na uilishe kutoka laini ileile ya risiva: zitazima pamoja na kuanza pamoja, na hakuna wa kukumbushwa.