Kabla hujapulizia miparachichi yako dawa ya ukungu

Kwanza jiulize mti unakula nini. Mti wenye njaa huugua upesi, na dawa haiushibishi.

Angalia majani kwa umri wake. Njaa ya naitrojeni, potasiamu au magnesiamu huanzia kwenye majani ya zamani, maana mti huvitoa huko na kuvipeleka kwenye machipukizi. Kalsiamu na boroni hazihamishiki kirahisi hivyo, kwa hiyo dalili zake tafuta kwenye majani machanga na kwenye matunda. Ukiona kingo za majani ya zamani zimeungua, shuku potasiamu. Ikipungua, mti hushindwa kugeuza sukari kuwa wanga, sukari inabaki jinsi ilivyo ndani ya jani, nayo ni karamu kwa kuvu, yaani vimelea vya ukungu.

Pima udongo, na majani pia. Usikisie. Maji yasituame, kwa sababu mzizi uliooza hauvuti kirutubisho hata umwage gunia zima.

Hili la naitrojeni lisome polepole, mimi lilinigharimu mavuno ya msimu mzima. Miti yangu ilikuwa imepauka kidogo. Nikaiwekea urea, mbolea yenye naitrojeni nyingi, nikarudia, mvua ilipokolea nikaongeza tena. Ikanawiri, kila apitaye anaisifu. Tukavuna matunda safi, hayana doa. Yalipoanza kuiva yakatoka madoa meusi yaliyobonyea, yakatanuka, yakaungana, na ukilipasua tunda unakuta nyama imeoza. Mnunuzi akayarudisha karibu yote. Nikalaumu mvua, nikalaumu dawa. Kumbe ilikuwa chule, ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda, na kuvu wake waliingia tangu matunda yakiwa machanga, wakajibanza kwenye ganda wakisubiri yaive.

Ganda la parachichi changa lina kemikali zake za kuzuia kuvu, ambazo hupungua tunda likiiva. Naitrojeni ikizidi na kalsiamu ikiwa haba, kinga hiyo inakuwa dhaifu. Kalsiamu ndiyo saruji ya kuta za seli, nayo hufuata maji: huenda zaidi panapotoka mvuke mwingi, yaani kwenye majani. Mimi nilikuwa nimeotesha msitu wa majani machanga, yakayanyang'anya matunda kalsiamu katika zile wiki za mwanzo yanapoihitaji kuliko wakati wowote. Na usidhani utaokoa tunda kwa kupulizia kalsiamu majani. Haitoki kwenye jani ikaenda kwenye tunda; lazima iliguse tunda lenyewe, au ipitie mizizini mapema.

Kwa hiyo kalsiamu iwepo ardhini kabla ya maua. Udongo wenye tindikali upe chokaa. Kama pH (kipimo cha tindikali) iko sawa na kalsiamu ndiyo pungufu, tumia jasi (jipsamu), ambayo haipandishi pH. Naitrojeni igawe kidogo kidogo.

Potasiamu nayo usiizidishe, inashindana na kalsiamu na magnesiamu kuingia mizizini. Boroni ipime kwa mizani. Kutoka kutosha hadi kuwa sumu ni hatua fupi mno. Matawi makavu yakate uyatoe shambani, chule huzaliana humo. Dawa ya shaba inakinga tu, haitibu kilichokwisha kuingia. Usichanganye mbolea na dawa kwenye bomba moja kabla ya kusoma lebo za vyote viwili, usipulizie jua likiwa kali, usisimame upepo unakokwenda, na vaa glavu.