Oili ya injini: hesabu kilomita pamoja na miezi

Kila unapobadilisha oili ya injini, andika tarehe na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, kisha angalia katika kitabu cha gari ukomo wa kilomita na ukomo wa miezi, na ufuate ule utakaotangulia kufika. Vitabu vingi hutoa ratiba mbili, ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu, na madereva wengi wanaojiona wa kawaida kwa kweli wamo katika ile ya pili: safari fupi fupi, vumbi, kuvuta mizigo, foleni. Foleni ndiyo hudanganya zaidi, maana injini hunguruma muda mrefu huku kilomita zikiwa zimesimama. Katika safari fupi, injini haipati joto la kutosha kuvukiza maji na petroli vinavyopenya kwenye oili, hivyo oili huchakaa na kuanza kuwa na asidi ilhali kilomita bado ni chache. Usiamue kwa rangi, kwani oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi mapema sana baada ya kubadilishwa na bado ikafanya kazi yake. Ratiba hii haitoshi iwapo injini inakula oili au inavujisha, kwa hiyo pima kiwango kwa kijiti chake mara kwa mara, gari likiwa mahali tambarare. Na oili ikionekana kama maziwa, huenda maji ya rejeta yameingia, hitilafu ambayo oili mpya peke yake haitaiondoa.