Ferrari 348 haina nguvu? Pima upande kwa upande kabla hujanunua kipuri

Ferrari 348 ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1989 na ikaundwa hadi 1995, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa ni gari kuukuu. Hapa Sharjah, kwenye Falme za Kiarabu, zinaniijia gereji kila msimu wa baridi unapokaribia, wenyewe wakitaka kuzitoa barabarani baada ya joto kupungua. Nyingi huja zimekwisha kufungwa vipuri vipya ambavyo havikusaidia kitu: plagi, sensa za oksijeni, pampu ya mafuta. Pesa imetoka, gari bado zito.

Mimi ni mtu wa Mombasa, umeme wa magari nilijifunzia kwenye matatu na Peugeot 504. Nitakueleza ninavyotafuta ugonjwa wa 348 bila kununua chochote mpaka nijue kilichoharibika. Mengi yanafaa pia kwa F355 za mwanzo, Ferrari iliyoifuata 348, kabla ya kompyuta zao kubadilishwa mwaka 1996.

Injini ya 348 ni V8 ya lita 3.4, lakini kwa upande wa umeme ihesabu kuwa injini mbili za silinda nne. Kuna kompyuta mbili za Bosch Motronic. Moja inaongoza silinda 1 hadi 4, nyingine 5 hadi 8. Kila upande una kipima hewa chake, sensa yake ya oksijeni na katalitiki yake, lile kopo la eksozi lenye masega ndani. Kwa hiyo gari la kulinganishia unalo tayari, limo humo humo. Kipuri unachokishuku kihamishe upande wa pili. Ugonjwa ukihama nacho, umempata mwizi. Ukibaki ulipo, kirudishe na ushuku kingine.

Muundo huo una mtego wake. Krankshafti ya Ferrari, ekseli inayozungushwa na pistoni, ni bapa, na kila upande peke yake unalipuka kwa mpangilio sawa kabisa na Corolla ya silinda nne. Silinda moja ikifa, gari linamisi na kutetemeka, hata abiria atajua. Upande mzima ukifa, halitetemeki sana. Linaunguruma vizuri tu, ila kupanda daraja ni kazi na mafuta linakunywa. Nimeona watu wanaendesha silinda nne wakidhani uzee umelifikia gari.

Sasa tuanze, na tuanzie betri. Usicheke. Liache gari lilale usiku kucha, asubuhi pima kwa mita. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6. Ukisoma 12.2 imebaki nusu, icharji kwanza, maana kompyuta za zamani zikipata umeme haba hutoa vituko ambavyo hutavielewa. Ukipiga stata isishuke chini ya volti 10 hivi. Injini ikiwaka, altaneta ilete kati ya 13.8 na 14.5. Kama betri inakufa kila wiki gari likiwa limesimama, weka mita ya ampea kwenye waya wa hasi, funga milango yote, subiri kila kitu kilale. Zaidi ya miliampea 50 kuna kinachonyonya. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Redio zilizofungwa na wajuzi wa mtaani ndizo ninazozikuta mara nyingi.

Halafu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka, na hapa ndipo mimi natumia muda. Betri ya 348 iko mbele, injini iko nyuma yako. Umeme unasafiri urefu wa gari zima kwenda, na kurudi unapitia bodi na mikanda ya shaba iliyofungwa kwa bolti ambazo hazijaguswa tangu kiwandani Maranello. Kutu na rangi vikiingia chini ya bolti, waya unaonekana mzima lakini haupitishi. Kuangalia kwa macho hakutakusaidia, wala kupima ukinzani kwa mita, kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja bado utasoma sifuri. Pima volti inayopotea umeme mwingi unapopita.

Fanya hivi. Mita iweke kwenye volti za DC. Ncha nyeusi ishike kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye klipu. Ncha nyekundu, kwa waya mrefu wa kuongezea, iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Mita ikisoma 0.2 au chini, ethi yako ni nzima. Ikisoma nusu volti na kuendelea, acha mengine yote, fungua bolti za ethi, zipige msasa mpaka shaba ing'ae, paka grisi, funga. Rudia upande wa chanya: nguzo ya chanya ya betri na bolti kubwa ya stata. Kuna 348 niliyoletewa ikiwa haiwaki ikiwa moto. Stata mpya ilikwisha kufungwa, na hitilafu ilikuwa mkanda wa ethi wenye upana wa vidole viwili uliogeuka kijani.

Ukimaliza ethi, fungua sanduku la fyuzi. Magari haya yanajulikana kwa kuunguza sahani ya fyuzi na rilei, hasa njia zinazobeba mzigo mkubwa, yaani feni za rejeta na pampu za mafuta. Tafuta plastiki iliyogeuka kahawia au iliyonywea kama mshumaa. Washa feni, acha zizunguke dakika chache, kisha gusa fyuzi moja moja kwa mgongo wa kidole. Inayochoma ina mguso mbaya, hata kama yenyewe haijakatika. Usitatue kwa kuongeza ampea za fyuzi. Kinachotakiwa ni kusafisha au kubadilisha pini, na kama sahani imeungua, itengenezwe yote.

Sasa ndiyo tunafika kwenye injini. Washa, iache ipate moto, chukua kipima joto cha miale, kile cha bunduki. Elekeza kwenye bomba la eksozi la kila upande kabla ya katalitiki, mahali ambapo chuma kiko wazi, maana sehemu kubwa imevishwa ngao. Pande mbili zikikaribiana, shida yako si ya upande mmoja: fikiria mafuta yaliyooza kwenye tangi, filta, presha. Upande mmoja ukiwa baridi, umepunguza kazi nusu.

Usijaribu ule mchezo wa kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inanguruma. Cheche isipopata njia hutafuta nyingine, na unaweza kuua kompyuta ambayo bei yake itakuumiza. Kujua silinda ipi imelala, chomoa soketi ya injekta, yaani kinyunyizio cha petroli, moja moja. Ile ambayo ukiichomoa injini haibadiliki sauti, ndiyo iliyolala.

Upande mzima ukiwa baridi, mtu wa kwanza kumhoji ni taa za "Slow Down". Kwenye deshibodi ziko mbili, moja ya 1-4, moja ya 5-8. Ndani ya kila katalitiki kuna sensa ya joto, na kila sensa ina kisanduku chake cha elektroniki. Joto likizidi, taa inapepesa ikikuambia upunguze mwendo. Likizidi zaidi, taa inawaka moja kwa moja na upande huo unakatiwa mafuta ili katalitiki isiwashe gari moto. Mpango mzuri, ila visanduku hivyo vimezeeka, na kikiharibika kinaripoti moto usiokuwepo.

Mzee mmoja kutoka Muscat, mzaliwa wa Unguja, aliniletea 348 ts nyekundu, ile ya paa la kutoa. Gereji aliyotoka ilikuwa imembadilishia plagi, sensa zote mbili za oksijeni na kipima hewa kimoja.

"Fundi mwanangu," akaniuliza, "imezeeka gari au nimezeeka mimi?"

"Ami, washa swichi tu, usipige stata."

Ukiwasha swichi, taa zote za onyo zinatakiwa ziwake kidogo, kisha zizime. Ya 1-4 iliwaka na kuzima. Ya 5-8 haikuwaka hata kidogo. Tulipotoa deshibodi tukakuta tundu tupu: mtu alichomoa balbu. Taa ilimsumbua, akainyamazisha. Nikaweka balbu, taa ya 5-8 ikawaka na kubaki inawaka. Bunduki ya joto ikasoma digrii 280 upande mmoja na 70 upande wa pili. Nikazima, nikatoa waya wa betri, nikabadilishana vile visanduku viwili, cha kushoto kikaenda kulia. Tukawasha tena. Sasa taa iliyokataa kuzima ilikuwa ya 1-4, na bomba la baridi lilikuwa la upande ule mwingine. Basi. Kisanduku kimoja, na kazi ya mchana mmoja. Kama ugonjwa usingehama, ningehamisha sensa zenyewe, kisha nikafuata nyaya.

Lakini usichukulie kila "Slow Down" kuwa ni uongo. Silinda ikimisi, petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye katalitiki, nayo inawaka nyekundu kweli. Taa ikipepesa na bunduki yako ikionyesha katalitiki moja ina joto kuliko mwenzake, zima injini upesi na utafute kwa nini silinda haichomi. Na usiwahi kuchomoa sensa hiyo ili gari liende. Ferrari zilizoungua kando ya barabara ni nyingi mno, na chanzo kingine ni mipira ya mafuta, yaani hosi za petroli. Ipinde kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha yote siku hiyo hiyo. Kwa joto la huku Ghuba mimi huwa sijadili na mteja juu ya hilo.

Umeme ukishajisafisha, ndipo ushuku chuma. Mlio wa tiki-tiki asubuhi usikufanye useme vali. Kwenye F355 hasa, manifoldi za eksozi hupasuka. Mlio husikika injini ikiwa baridi, halafu chuma kikipanuka ufa unajifunga na mlio unapotea. Ufa huo pia huvuta hewa ya nje. Sensa ya oksijeni inadanganyika kwamba mchanganyiko una hewa nyingi, kompyuta inaongeza petroli, katalitiki inapata moto, na taa ya "Slow Down" inakuja. Fundi wa umeme anahangaika na taa ambayo mzizi wake ni bomba. Ziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene sekunde chache injini ikiwa baridi, na mwenzako asikilize kwenye manifoldi.

Kompresheni pima silinda zote nane, injini ikiwa ya moto na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Namba ya mtengenezaji si muhimu kama usawa wao. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 ihoji. Kuihoji ni kuisukumia hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na vali zimefungwa, halafu unatega sikio. Hewa ikipumua kwenye njia ya kuvutia hewa, ni vali ya kuingizia. Ikipumua eksozi, ni vali ya kutolea, na kwenye F355 fikiria bushi za vali za shaba, ambazo zilikuwa laini na huisha mapema. Ikitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Ukiona mapovu kwenye chupa ya maji, ni gasketi.

Giaboksi kukataa namba mbili asubuhi si ugonjwa. Oili bado nzito. Endesha pole pole, ruka kutoka moja hadi tatu mpaka ipate joto. Ikikataa hata ikiwa moto, hapo zungumza klachi kwanza, na klachi ya 348 iko mwisho kabisa wa giaboksi, unaifikia bila kushusha injini.

Mikanda ya taimingi ndiyo inayokulazimisha kuishusha. Mkanda unahesabiwa kwa miaka pia, si kilomita peke yake. Gari lililosimama uani muongo mzima na kilomita elfu mbili lina mikanda iliyokufa. Mkanda ukikatika, pistoni zinapiga vali. Kama mwenye gari hana karatasi inayoonyesha lini ilibadilishwa, usiendelee hata kupiga stata mara nyingi kwa ajili ya vipimo.

Injini ikishakuwa chini, malizia kila kitu ambacho ikiwa juu mkono haufiki: beringi za kukaza mikanda, pampu ya maji, hosi zote, sili, ethi ya injini, soketi zilizokauka. Na kabla ya kuchomoa waya wa kwanza, funga utepe wa rangi mbili, mmoja wa 1-4, mwingine wa 5-8. Soketi za pande mbili zinafanana, na za sensa za oksijeni ukizipishanisha zinaingia bila kulalamika. Kila kompyuta itakuwa inarekebisha upande wake kwa habari za upande wa jirani, na gari litatoka gereji likiwa na ugonjwa ambao halikuja nao.