Ghala, chungu na daftari: mwaka wa kwanza wa mjane wa kijijini

Turubai likishashushwa na masufuria ya kuazima yakisharudi kwa wenyewe, kazi ya kwanza ni kuhesabu mahindi. Shamba, mirathi na madeni yana siku zake. Mahindi kwanza, maana msiba wenyewe umeshakula sehemu yake, na kila atakayekuja kuomba, kudai au kushauri atakukuta na swali lilelile: umebakiwa na nini? Mtu asiyejua ana gunia ngapi hawezi kukataa.

Tuchukue kaya moja kwa mfano, katika kijiji cha nyanda za juu kusini mwa Tanzania ambako msimu wa mvua ni mmoja: mama na watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 5. Kaya hiyo ikila ugali mchana na usiku hutumia karibu kilo moja na nusu ya unga kwa siku. Debe moja la mahindi lina karibu kilo 18, na gunia ni debe sita. Kwa mwezi ni debe mbili na nusu, kwa mwaka ni debe 30, yaani gunia tano. Ongeza gunia la sita kwa ajili ya vibarua, wageni na mvua zinazochelewa. Hizo sita zifungwe, na zisiwe za kuuza wala kukopesha, hata kwa shemeji.

Hesabu hii ni ya dona. Ukikoboa, karibu theluthi moja ya debe inaondoka kama pumba, na gunia tano zinakuwa saba na nusu. Watoto waliozoea sembe watanung'unika wiki mbili, kisha watanyamaza. Tahadhari moja: kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo unga wa dona huchacha upesi. Saga wa wiki mbili, usisage wa mwezi.

Chungu cha zamani

Baba alipokuwepo, kaya hiyohiyo ilitumia kilo mbili kwa siku. Tofauti ni nusu kilo tu, lakini kwa mwaka ni zaidi ya kilo 180, sawa na debe kumi. Na debe hizo hupotea bila mwizi, kwa sababu mkono una mazoea yake. Maji yanachemka, mkono unaingia kwenye ndoo ya unga, unamwaga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya nne ambayo ilikuwa ya baba nayo inaingia. Ugali unabaki, asubuhi ni kiporo kikavu, unaishia kwa kuku.

Kujikaza hakusaidii, badilisha chombo. Weka juu ya kabati lile sufuria ulilozoea na upikie dogo zaidi. Tafuta kopo moja la kupimia, ulipeleke dukani lipimwe kwenye mzani likiwa na unga, kisha kwaruza alama kwa msumari pale penye robo tatu ya kilo. Hicho ndicho kipimo cha mlo mmoja, kwa maji ya lita moja na nusu hadi mbili kutegemea mnapenda ugali mgumu au laini. Kopo likae ndani ya ndoo ya unga daima. Binti akipika naye atatumia kopo hilohilo, na hapo hesabu ya gunia itakwenda sawa.

Lipo kosa la upande wa pili: mama kupikia watoto na yeye mwenyewe kulala na chai ya rangi. Miezi ya mwanzo hamu ya kula hupotea kweli, lakini huko si kubana matumizi, maana palizi inakuja na jembe halilimwi na mwili uliokonda. Ugali ukikataa kupita kooni, pika uji: kikombe kimoja cha unga, vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa, chumvi kidogo, ndimu kama ipo. Ukiona wiki kadhaa zimepita, usingizi hauji na nguo zinakuvuka, nenda zahanati.

Mgane aliyeachiwa watoto ana tatizo la kinyume: ghala analijua, jiko halijui. Aanze na kopo.

Kukausha na kufunga

Ghala la mjane haliharibiwi na wezi kama linavyoharibiwa na dumuzi, mdudu ambaye wengine humwita Skania, na ukungu. Ukungu huanzia kwenye mahindi yaliyofungwa mabichi, na dumuzi hula hata yaliyokauka.

Usiamini meno peke yake. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, itie mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha turubaini. Ikiteremka yote chini na kuta zikabaki safi, yako tayari. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu jaribio litakudanganya, kwa hiyo ianike juani kwanza.

Mfuko mzuri wa kuhifadhia ni ule wa tabaka tatu, yaani mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje, unaouzwa kwa jina la PICS au kinga njaa. Hauhitaji dawa. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa nailoni kama puto, ukusanye mdomo na ukandamize: hewa ikitoka mahali, huo una tundu. Chekecha mahindi yasiwe na vipande vya magunzi, kwa sababu huchoma nailoni. Jaza, shindilia kwa mikono hewa itoke, sokota mdomo wa mfuko wa ndani kabisa na uufunge kwa kamba, kisha wa pili peke yake, kisha kiroba. Wengi hufunga mitatu pamoja kwa kamba moja, halafu baada ya miezi miwili wanalalamika kwamba mifuko ni feki.

Panga juu ya chanja, mbali na ukuta kwa urefu wa mkono ili upite na kuona njia za panya. Fungua mfuko mmoja tu kwa wakati, na kila unapochota debe ufunge tena tabaka kwa tabaka. Mahindi yenye ukungu wa kijani au mweusi usisage, usimpe kuku, usiuze kwa watengeneza pombe. Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Yaliyozidi gunia sita ndiyo ya kuuza. Bei huwa chini kati ya Juni na Agosti kila mtu anapovuna, hupanda kuanzia Desemba. Kama deni linabana uza nusu ya ziada mapema, lakini nusu nyingine isubiri Januari, shule zikifunguliwa. Ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi cha sita, ila sare, madaftari na michango ya chakula havikuondolewa. Uza kwa mzani. Mnunuzi akija na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, anachukua debe moja au zaidi bure, na akikuta mama peke yake nyumbani hutia kilemba kirefu zaidi.

Kuni

Maharage ndiyo yanayomaliza kuni. Loweka nusu kilo usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, weka mapya yapite juu ya maharage vidole viwili. Yachemshe kwa moto mkali dakika 20, ukifunika. Kisha yaingize sufuria na mfuniko wake ndani ya kapu la kuivishia, na moto uuzime.

Kapu hilo hutengenezwa kwa nusu siku. Tenga kubwa au ndoo pana, ndani yake majani makavu ya migomba au maranda makavu yaliyoshindiliwa unene wa kiganja chini na pembeni, katikati shimo la kukaa sufuria bila kucheza, na juu mto ulioshonwa kwa khanga kuukuu na kujazwa majani hayohayo. Baada ya saa tatu hadi nne maharage yameiva. Kinachobaki ni kitunguu na nyanya, dakika kumi za moto. Yakitoka magumu, tafuta sababu katika hizi: sufuria lilikuwa nusu tupu (liwe limejaa walau theluthi mbili), mtu alifunua kuchungulia, majani yalikuwa na unyevu, au maharage ni ya mwaka juzi na yalitaka kuchemka dakika 40. Dakika za kwanza za moto mkali usizipunguze hata kidogo, hasa kwa maharage mekundu, ambayo yasipochemka sawasawa huvuruga tumbo vibaya. Nyama usiilaze humo usiku.

Sabuni ya mche nayo hudumu zaidi ukiikata vipande na kuianika kivulini wiki mbili kabla ya kuitumia.

Daftari

Nunua moja, la kurasa 48 linatosha. Ukurasa wa kwanza andika rambirambi, nani ametoa nini, maana ni mambo ya kurudishiana. Wa pili, wanaotudai. Wa tatu, tunaowadai, ambao kwa kawaida hawaji wenyewe. Pekua simu ya marehemu na mifuko ya makoti yake; ujumbe wa madeni umo humo. Laini isitupwe wala pesa iliyomo isitolewe kimyakimya, itakuja kuwa ugomvi wa ukoo. Kama alikuwa kwenye kikoba, muulize katibu hisa zake na kama upo mfuko wa jamii wa misiba.

Anayekuja kudai mwandikie jina, kiasi, tarehe, sababu na shahidi. Mshukuru, na usimlipe siku hiyo. Madeni ya marehemu hulipwa kutoka mali yake na msimamizi wa mirathi. Mjane hapaswi kuyalipa kwa kuuza kuku wake.

Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na safari huanzia kwa mtendaji wa kijiji au hospitali kilikotokea. Linalokwamisha wengi ni jina. Kitambulisho kinasema Yohana, benki inasema John, cheti kinaandikwa Yohane, na kila tofauti ni nauli ya kwenda wilayani na kiapo. Nenda na kitambulisho chake mkononi na usome fomu kabla haijagongwa muhuri. Mirathi nyingi za kijijini hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Beba cheti hicho na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa, nao mahakama nyingi huuliza. Mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi. Akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5.

Na kama kuna wazee wanaozungumzia kurithiwa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye, mila iseme inavyosema. Si lazima kuwasomea kwa sauti. Inatosha mtendaji ajue kwamba unajua.

Aliye katika eda ya Kiislamu, miezi minne na siku kumi, au hadi kujifungua kama ana mimba, apange mapema nani ataenda mashineni na mnadani, na haja za lazima za kutoka amuulize imamu wa msikiti wake.

Shamba, kuku na mpini

Jembe la mkono la mtu mmoja humudu vizuri ekari moja. Lima iliyo karibu na nyumba, ile ya mbali ikodishe msimu mmoja tu, kwa maandishi mbele ya mtendaji, ukitaja mipaka na tarehe ya kurudisha. Ukodishaji wa mdomo huzeeka ukageuka umiliki. Ekari hiyo ipandwe kilo 8 hadi 10 za mbegu, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja moja. Palizi ya kwanza isivuke wiki ya tatu. Ikichelewa hata mbolea haisaidii. Kina mama wanne wakipalilia kwa zamu, leo kwako kesho kwa mwenzio, hakuna anayelipa kibarua.

Kuku wachanjwe mdondo kila miezi mitatu, tone moja la chanjo ya I-2 katika jicho moja. Kichupa hutosha kuku wengi kuliko wako na kikishafunguliwa hakiwekwi, kwa hiyo changieni nyumba kadhaa siku moja.

Zilikuwepo pia kazi ambazo marehemu alizifanya bila kutajwa: tupa ya kunolea, msumari wa bati, mpini wa jembe. Mpini ukilegea usiuloweke majini kama wengi wafanyavyo. Utakaza leo, na jua la mchana litaulegeza zaidi. Chonga kabari ya mti mgumu iliyokauka, igonge kwenye ncha ya mpini kutoka juu ya tundu hadi isiingie tena, ukate kinachobaki, kisha gonga jembe chini mara tatu usikie kama bado linacheza.