Lodi balansa ya AWS kwa Terraform

Wakuu, kama una saiti ya kubuki safari hapa Arusha na msimu ukichanganya seva moja inaelemewa, weka mbili, mbele yake lodi balansa igawe wateja. Hapa tunatumia Terraform, programu inayojenga seva za AWS (seva za kukodi za Amazon) kwa kufuata faili unaloandika. Kwenye faili hilo, main.tf, andika aws_lb (balansa yenyewe), aws_lb_target_group (kundi la seva) na aws_lb_listener (inayopokea maombi ya wateja), hiyo ya kwanza ipe sabneti (vipande vya mtandao) mbili za zoni tofauti, yaani maeneo tofauti ya vituo vya data, ukiweka moja AWS wanagoma. Seva ziunganishe kwa aws_lb_target_group_attachment, watu wengi wanaisahau hii afu wanashangaa eror ya 503, yaani huduma haipatikani. Piga terraform init ya kuandaa, kisha terraform plan inayoonyesha kitakachobadilika, na hapo jamani msiharakishe, someni kila mstari wenye alama ya kutoa (-), maana yake kitu kinafutwa, mi niliwahi kuruka mmoja tu nikafuta seva ya mteja mchana kweupe. Ukiridhika ndo terraform apply, itekeleze.