Kufikisha kero za polisi kwa kaunti, Lamu

Gavana mpya akiingia, anzeni kwa kuuliza ofisini kwake kama Mamlaka ya Polisi ya Kaunti imeundwa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, 2011, kinaidai: mwenyekiti ni gavana au waziri wake, wajumbe wawili wa bunge la kaunti, wakuu wa usalama, na wakaazi wasiopungua sita. Bila kikao hicho, kero za Faza au Kiunga hazina pa kutua.

Kisha andikeni ombi kwa karani wa bunge la kaunti. Msidai “OCS ashtakiwe”, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Hapo ndipo maombi mengi hufia, kwani polisi ni wa serikali kuu, na ibara ya 245 ya Katiba haimruhusu gavana wala diwani kumwamuru Inspekta Jenerali nani achunguzwe. Dai vipaumbele: doria za boti usiku, dawati la jinsia.

Aliyepigwa na askari, njia yake ni IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, bila malipo. Achukue nambari ya OB (kitabu cha matukio kituoni), na P3, fomu ya polisi ya majeraha, ijazwe na daktari kabla uvimbe haujashuka. Kituo kikikataa kuandika, anakili saa, tarehe na nambari ya begani ya askari.